Sharti la K9

Tupokigwe huandika modeli fupi, na hilo peke yake linatosha kunichefua.

Tuliajiriwa siku ileile kwenye kampuni ya yadi za makontena, kazi yetu kupanga zamu: nani abaki Kurasini, nani aende yadi ya Kibamba, tukiwemo sisi wenyewe. Tunatumia lugha ya modeli. Huielekezi kompyuta njia. Unaiandikia unachotaka na masharti yake, karibu kama hesabu za ubaoni. Gharama iwe ndogo, mradi kila yadi ipate watu, mradi mtu asipangiwe sehemu mbili. Kutafuta jibu ni shida yake.

Modeli yangu ilijaa kurasa. Yake ilienea kwenye skrini moja, na meneja wetu, Mzee Mbwana, akaisifia mbele ya watu. "Hii hata mie naielewa," alisema. Nikapiga makofi kama wengine, roho inaniuma.

Nafasi ya mkuu wa kitengo ilikuwa wazi, na niliitaka kwa sababu yangu. Mama anasafishwa figo kila Jumanne na Ijumaa, hospitali jirani na kwetu Kipawa. Nikiwa Kurasini naomba ruhusa mchana, nawahi kumpeleka. Kutoka Kibamba simuwahi. Tangu siku nilipomlilia Tupokigwe habari za mama wakati wa chakula, sijapangiwa Kibamba siku hizo. Niliita bahati, lakini bahati si ya kutegemea. Mkuu ndiye asiyehamishwa kutoka Kurasini.

Basi nikaifungua modeli yake kutafuta kosa. Nikakuta sharti moja la ajabu: K9, namba aliyompa mfanyakazi mmoja, asipelekwe Kibamba kwenye siku maalum. K9 tu! Wafanyakazi wengine wote hawakutajwa. Nilijua ni nani. Allen wa forodhani, anayemletea Tupokigwe chapati za moto kila asubuhi na kwangu anapita kama upepo. Nikalifuta sharti, nikaiendesha modeli, gharama ikashuka. Nilitabasamu peke yangu.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia Mbwana. "Naomba uone hapa. Kuna mtu anabebwa."

Mzee Mbwana hapendi upendeleo. Alitazama gharama, akanitazama, akasema nafasi ni yangu kuanzia mwezi ujao, na ratiba ya mwezi huu ipangwe bila lile sharti. Tupokigwe aliitwa akaambiwa. Hakujitetea, na hilo nalo likaniudhi.

Ratiba ilipobandikwa ukutani nilikwenda kutafuta jina la Allen. Lilikuwa Kurasini, palepale. Jina lililohamia Kibamba, Jumanne na Ijumaa, lilikuwa langu.

Nilimkuta Tupokigwe mezani kwake. "Umenifanyia makusudi!"

"Mie? Jesca, K9 ni wewe. Hukufungua faili la data?"

Sikulifungua. Kwetu kila mtu anajua: modeli inakaa faili lake, data faili lake, na modeli bila data haikuambii lolote kuhusu mtu. Ndilo somo la kwanza tulilofundishwa. Majina yamo kule, na siku maalum zimo kule: Jumanne, Ijumaa.

Nilirudi mbio kwa Mzee Mbwana nikamwomba alirudishe sharti. "Binti," alisema, "si wewe uliyesema hapa mtu asibebwe? Vumilia mwezi huu."

Jumanne nikawa Kibamba, malori yananitimulia vumbi, nimempigia kila jirani na hakuna aliyepatikana. Mchana simu ikaita. Mama.

"Nishafika hospitali, mwanangu. Amenileta mwenzako, Tupo. Anasema ratiba mpya imempa nafasi. Kaniletea na uji."

"Shikamoo, mama," nilisema, salamu imechelewa.

"Marahaba. Ijumaa pia atakuja. Kumbe una rafiki mwenye roho nzuri hivi, mbona hujawahi kumleta nyumbani?"

Nyuma yake nilimsikia Tupokigwe anacheka, na mama naye akacheka, kicheko ambacho mimi sijakisikia tangu aanze kuumwa. Ukuu nilishaupata. Nilisimama kati ya makontena nikimwonea Tupokigwe wivu mpaka machozi yakanitoka.