Bonge Avalishwa Nepi

Nepi! Mtu mzima, miaka hamsini, kilo mia na thelathini, avalishwe nepi! Bonge aliitazama pale juu ya kiti, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akaisukuma kwa kidole.

"Watu wasipocheka leo, nyinyi wawili kazi basi," mwenye onyesho alikuwa amemwambia. "Na chupa ya maziwa usisahau."

Miaka ishirini Bonge na shemeji yake, Sindano, walikuwa wakiwavunja watu mbavu kwa vicheko, kwa mieleka yao ulingoni, bila upuuzi huo. Sindano alikuwa mwembamba kama jina lake. Ulingoni Bonge alikuwa akimwogopa kwelikweli, akimkimbia, akipigana naye kufa na kupona, wala hakuwahi hata kutabasamu. Siri yote ilikuwa hapo. Mwanamieleka akianza kuwakonyeza watazamaji, mtu acheke nini?

Lakini lisilobudi hutendwa. Akaivaa.

Ulingoni akalia kama kichanga, akanyonya chupa, akakonyeza kama alivyoagizwa. Ukumbi kimya. Mama mmoja wa mstari wa mbele akageuza uso pembeni. Ilikuwa aibu tupu, na Bonge aliisikia mpaka kwenye nyayo.

Mara Sindano akakanyaga maziwa yaliyomwagika, akauangukia mkono wake mwenyewe. Bonge akamminya kiganja, kama wafanyavyo wanamieleka kuulizana, "U mzima?" Sindano hakuminya kumjibu.

"Daktari!" Bonge akapiga kelele, akikimbilia kamba, nepi ikimteremka. "Ameumia! Kweli jamani!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Alivyozidi kuwasihi ndivyo walivyozidi kucheka. Kilio cha samaki, machozi huenda na maji. Yule mama alikuwa akijifuta macho. Bonge alitamani awatapikie wote.

Nyuma ya pazia, mwenye onyesho akaja akipiga makofi. "Hiyo ndiyo! Kesho vilevile!"

"Huna haya wewe!" Bonge akaichana nepi, akamtupia miguuni, akabaki na bukta.

Sindano alikuwa amelazwa kwenye benchi, mkono umefungiwa ubao, jasho likimtiririka.

"Mwache, shemeji," akasema. "Hata wewe nilikusikia."

"Ulinisikia nini?"

"Ulimwita daktari, ukanyamaza. Ukangoja kicheko chao kipungue, ndipo ukaita tena, kama tufanyavyo kila onyesho."

Bonge akaketi kando yake. Ilikuwa kweli. Alikuwa amewangojea.