Kuosha na Kuwasha

Moffat alikuwa gerejini nyumbani kwake Midrand, Afrika Kusini, akisugua mtutu wa bastola kwa maji ya moto na sabuni, simu ilipolia. Bastola yenyewe ya kizamani, ya kushindiliwa baruti nyeusi kwa mkono, na baruti hiyo uchafu wake ni wa kulaaniwa: usipoosha siku hiyohiyo, kutu inatafuna chuma chote. Basi meneja mzima wa benki kajifunga aproni, mikono myeusi kama ya muuza makaa!

"Kip hapa," ilisema sauti. Huyo ni mwenzake wa klabu ya shabaha. "Ile ya mwisho uliitoa?"

"Ya mwisho gani?"

"Iliyokataa, bwana! Fataki ililia, baruti ikanyamaza. Ukasema utaitoa tukishakula nyama."

Lo! Nyama aliikumbuka, risasi akaisahau. Bado ilikuwa imo ndani ya silinda, kile kipande cha duara chenye matundu ya risasi. Na silinda aliiacha jikoni, kwenye kikaango kikuukuu anachokaushia vyuma juu ya moto vikishaoshwa, kabla ya kuvipaka mafuta. Hii hakuwa ameiosha. Aliiweka humo ili tu isichafue meza ya mkewe.

"Zandi!" akapaza sauti. "Kile chuma kwenye kikaango, umekifanyaje?"

"Nimewasha!"

Moffat akashusha pumzi, hata akacheka. Zandile ni Mzulu, Kiswahili kakipata kwa mumewe, na tangu waoane husema "nimewasha vyombo", akidhani ni "wash", lile neno la Kiingereza la kuosha. Chuma kimeoshwa, baruti imelowa, yamekwisha.

Kisha kicheko kikamkauka. Jumapili iliyopita, mbele ya Wakenya wenzake wa kanisani, Zandile alisema amewasha sahani, naye Moffat, kwa kimbelembele chake, akauliza kama wawaite zimamoto. Watu wakavunjika mbavu. Zandile alicheka nao, halafu akaenda kulia chumbani. Tangu siku hiyo Moffat humsikia bafuni akijifundisha peke yake: kuosha ni maji, kuwasha ni moto. Na mwanamke yule akishaaibishwa kwa jambo, halirudii.

Mungu wangu! Alitupa mtutu, akatoka mbio.

Zandile alikuwa ameinama juu ya jiko la gesi, koleo mkononi, akiigeuza silinda. Moto ulikuwa umefunguliwa wote, kikaango kinafuka. Moffat alimrukia. Akamkumba kiunoni, wakaanguka wote wawili nyuma ya friji.

Mlipuko ulitikisa madirisha. Moshi mweupe ukajaa jikoni, unanuka kiberiti. Moffat akatambaa, akazima gesi. Moshi ulipopungua, kikaango kilikuwa sakafuni, na mlango wa kabati la juu ya jiko ulikuwa na tundu, pale pale uso wa Zandile ulipokuwa.

Zandile alilitazama tundu lile. Kisha akamgeukia mumewe kama mtu anayengoja kuchekwa.

"Nilitaka kukusaidia kukausha," akasema. "Nimekosea tena?"

Moffat akamkumbatia, analia bila haya.

"Hapana, mama. Umesema sawasawa. Ni mimi niliyesikia vibaya."