Mama Nashon Aliomba Maji

Kipindupindu kilipoingia kijijini kwetu mwanzoni mwa mwaka 1998, watu walinifuata mimi. Sikuwa mganga wala mwuguzi. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikarudi nyumbani kulima mihogo na kununua dagaa wa kwenda kuuza Mpanda. Lakini mwaka uliotangulia, wakimbizi walipovuka ziwa kutoka Zaire, shirika moja la Wazungu lilipiga hema kubwa la wagonjwa wa kipindupindu karibu na mwalo wetu, pale mitumbwi inapofikia, kusini kidogo ya Karema, na mimi niliajiriwa miezi mitano kubeba chupa za dripu. Basi wakaniita Dokta Chupa. Mwanzoni ulikuwa utani.

Hema lile liligawanywa kwa kamba. Upande mmoja walilazwa waliozidiwa, kwenye vitanda vya turubai vilivyotobolewa katikati ili uchafu ushukie kwenye ndoo, dripu zikining'inia juu yao. Huko ndiko nilikofanya kazi. Upande wa pili walikaa wenye nafuu, pamoja na wanawake wenye ndoo na vikombe. Sikuwahi kuvuka ile kamba. Tulikatazwa, ili tusibebe uchafu wa huku kuupeleka kule.

Siku moja nilitaka kumnywesha maji mgonjwa mmoja ambaye hata macho alikuwa hafumbui. Mwuguzi akanishika mkono. Alisema mtu wa namna ile hapewi kitu mdomoni, atapaliwa, atakufa. Alikuwa akinieleza habari ya mgonjwa mmoja. Mimi nikaigeuza kuwa sheria ya wote, kwa sababu ilikubaliana na mambo niliyoyasikia tangu utoto: tumbo likiharisha, linyime maji likauke. Nilijiona nimeelewa.

Wakimbizi walipohamishwa, hema likakunjwa. Shirika lilituachia vyoo vya mashimo vilivyozungushiwa plastiki ya buluu, na sote tukavitumia mpaka vikakaribia kujaa. Kwenye mkutano wa kijiji mama mmoja aliuliza ni lini tutachimba vyetu.

Mwenyekiti wetu, mzee Bartolomeo, alisimama akavuta suruali yake juu. "Jamani, nyie mna haraka gani? Wale watu wameahidi kurudi. Wakikuta tumeshachimba, watasema hawa hawana shida, msaada upelekwe kwingine. Mnataka upelekwe kwingine?"

"Hatutaki!"

"Basi tulieni."

Tulicheka, tukapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Kisha zikaja mvua zile za El Nino. Mashimo yakafurika, maji yakashuka mpaka kwenye kijito tulikokuwa tukiteka maji. Alianza kufa mvuvi mmoja kwenye kambi ya wavuvi, halafu watu watatu katika nyumba moja kwa siku mbili. Mganga wa zahanati alikuwa amekwenda Mpanda kufuata dawa, na barabara ikakatika nyuma yake. Watu waliacha kupeana mikono. Kanisani waliimba wakiwa wamekaa mbali mbali, na Jumapili iliyofuata hawakuja kabisa. Ukipita njiani unasikia watu wanafunga milango. Mtu akikohoa tu, wenzake wanasimama. Usiku wala mchana sikusikia mtu akicheka.

Bartolomeo alikwenda Karema kwa miguu akaongea kwenye redio ya mawasiliano pale misheni. Alirudi amelowa, akasema boti ya shirika inatoka Kigoma na dripu. Kesho au keshokutwa.

"Dokta Chupa," akaniambia mbele ya watu, "wewe ndiye unayeijua kazi yao. Tufanye nini mpaka wafike?"

Nikasema wagonjwa wasinyweshwe maji, yanaongeza kuhara. Wasubiri dripu. Nilisema kwa sauti, na watu walikwenda nyumbani wakafanya hivyo.

Naandika saa zile kama zilivyofuatana, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo huwa naruka mahali.

Ilikuwa Jumanne. Mke wangu Cecilia alitoka nje kabla hakujapambazuka vizuri, akarudi, akatoka tena. Mara ya tatu alirudi ameshika ukuta. Nikaenda kuangalia nyuma ya nyumba nikaona maji meupe, kama maji yaliyooshewa mchele. Nilikuwa nimeyaona maji yale miezi mitano na hayakunitisha hata siku moja, kwa sababu yalikuwa ya watu wengine.

"Ndio ugonjwa wenyewe?" akaniuliza.

"Hapana. Labda ni zile mboga."

"Baba Nashon, usinidanganye."

Nilimlaza kwenye mkeka, nikamtoa mwanetu Nashon nje, nikamwambia akae chini ya kibanda cha jikoni asiingie. Alikuwa na miaka sita. Akauliza kama mama atakufa. Nikamwambia boti inakuja.

Jua lilipokuwa limepanda kidogo, nilisikia hodi. Alikuwa Minza, mke wa Manyanda, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao pembeni mwa kijiji chetu miaka michache kabla. Wakati wa hema alikuwa mmoja wa wale wanawake wenye ndoo na vikombe. Mwanawe Ngolo alikuwa ameanza kuugua siku iliyotangulia. Minza alibeba bakuli lililofunikwa na galoni ndogo ya maji.

"Usiingie, Mama Ngolo. Ugonjwa upo humu."

"Kwangu pia upo. Nitauogopa wa kwako?" Akaweka bakuli chini. "Huu uji mwepesi, nimetia chumvi. Maji haya nimeyachemsha. Mpe kijiko kijiko. Akitapika, pumzika kidogo, umpe tena."

"Ukimpa maji unamwongezea kuhara."

"Ataongeza, ndiyo. Na wewe ongeza. Yakitoka haya unatia mengine. Kule upande wetu wa hema kazi ilikuwa hiyo kutwa nzima, kunywesha mpaka mkono unauma."

"Kule kwenu walikuwa wale wenye nafuu."

Minza akanitazama. "Sasa hiyo nafuu waliipata wapi, Dokta Chupa?"

Nilikasirika. "Wewe ulikuwa unaosha ndoo. Mimi nilikuwa na madaktari."

"Haya," akasema taratibu. "Nilikuwa naosha ndoo." Akaliacha bakuli mlangoni akaenda zake kwa mwanawe.

Nilichukua lile bakuli nikaliweka juu ya dari, mahali ambapo Cecilia hawezi kufika.

Sauti yake ilikuwa imeanza kukauka. "Nani huyo?"

"Mama Ngolo. Amekuja kukujulia hali."

"Naomba maji."

"Vumilia. Boti inafika leo."

"Kidogo tu. Nilowanishe ulimi."

Nililowesha kitambaa nikampangusa midomo. Alikishika kwa meno akakifyonza, akafyonza kwa nguvu hata nikalazimika kukivuta. Hapa ndipo huwa naruka.

Saa tano nilikimbia mwaloni. Ziwa lilikuwa na mawimbi ya rangi ya tope, hakuna hata mtumbwi. Bartolomeo alikuwa amesimama pale na watu kama kumi, kila mmoja peke yake, wote wakitazama kaskazini.

"Bado?"

"Bado," akasema. "Wazungu hawavunji ahadi. Ni upepo tu."

"Mke wangu ameanza."

Aliposikia hivyo alirudi hatua mbili. Sikumlaumu. Na mimi nilikuwa nawakwepa watu kwa namna ile ile siku iliyopita. Akasema kwa mbali, "Basi fanya yale uliyotufundisha. Wewe unajua."

Niliporudi nyumbani Cecilia hakuwa kwenye mkeka. Alikuwa amejiburuta kwa viwiko mpaka kwenye mtungi, pale kona, na mkononi ana kikombe cha bati. Mkono ulikuwa unamtetemeka, maji yanamwagika kifuani. Nilimwahi. Nilikishika kikombe kabla hakijafika mdomoni. Yeye alikishika kwa mikono miwili, lakini hakuwa na nguvu ya kushindana na mimi.

"Kwani nimekukosea nini?" akasema.

"Nataka upone, Mama Nashon."

"Nimekukosea nini?"

Nikambeba nikamrudisha. Alikuwa mwepesi kuliko asubuhi. Nikautoa mtungi nje, nikauweka kando ya kibanda alipokuwa Nashon, nikaufunika. Mtoto aliniona nikifanya yote hayo.

Baada ya hapo misuli ya miguu ikaanza kumkaza, akawa analia bila machozi. Macho yaliingia ndani. Vidole vyake vilikuwa na mikunjo kama vya mtu aliyefua nguo tangu asubuhi. Ngozi ya tumbo nikiishika inabaki imesimama. Dalili hizo nilizijua zote. Kule hemani mtu akifika hapo, mwuguzi anaita na mimi nakimbia na chupa. Nilijikuta natazama juu ya mkeka, mahali ambapo chupa ingening'inia.

Yapata saa nane aliacha kuomba. Nikashukuru. Nilidhani ametulia, nilidhani tumbo limeanza kukauka, na kwamba nimeweza. Hata nikamwambia: "Unaona? Linakauka." Saa tisa alasiri alikuwa amekufa.

Hakuna aliyekuja msibani. Hakukuwa na moto wa matanga, hakukuwa na wanawake wa kuosha mwili wala wa kupika. Mzee Bartolomeo alituma neno kwamba maiti izikwe kabla jua halijazama na asiyehusika asisogee. Nilimkunja ndani ya mkeka ule ule. Manyanda, mume wa Minza, alikuja na jembe lake, amejifunga shuka puani. Tulichimba wawili. Ardhi ilikuwa laini kwa mvua, shimo likawa linaingiza maji.

"Ngolo?" nikamwuliza, kwa sababu niliona ni lazima niulize.

"Ameomba ugali," akasema, bila kunitazama. Tukaendelea kuchimba.

Kesho yake asubuhi Nashon alitapika.

Nilikaa pale kibandani nimemshika kichwa, na woga ulionipata sijui nieleze vipi. Jana yake nilikuwa na woga wa kumpoteza mtu. Leo nilikuwa naiogopa mikono yangu. Nikimpa maji na sheria yangu ilikuwa kweli, nimemwua. Nikimnyima na Minza alikuwa mkweli, nimemwua, na wa jana pia nilimwua. Sehemu ya moyo wangu, naiandika kwa aibu, ilitaka sheria yangu iwe kweli. Kama ilikuwa kweli, Cecilia alikufa kwa ugonjwa tu.

Nashon akaharisha yale maji meupe. Nikasimama nikakimbia mpaka kwa Minza.

Alikuwa anakamua ng'ombe. Nikasimama mbele yake. Akaniangalia, akaacha maziwa pale pale.

"Mtoto?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Una chumvi?"

"Ipo."

"Unga wa mahindi?"

"Upo."

"Twende. Washa moto, maji yachemke sana. Na mikono yako uoshe kwa majivu kabla hujamshika." Hakunikumbusha lile bakuli. Angeweza kusema.

Alinionyesha mara moja, kisha akaniachia kijiko. "Mimi nina wangu wa kunywesha. Usichoke. Akikuambia basi, mwambie kimoja cha mwisho, halafu kimoja tena."

Nilinywesha. Nashon alitapika kwenye mguu wangu. Nikasubiri kidogo kama nilivyoagizwa, nikampa tena. Akaharisha, na kila alipoharisha niliona ni mimi ninayemmwaga. Alinitazama kwa macho makubwa, akawa hamezi mpaka amalize kunitazama. Nadhani alikuwa anaogopa kwamba nitamnyang'anya kijiko.

Ilikuwa saa sita hivi niliposikia kelele kutoka mwaloni. Watu walikuwa wanaimba. Halafu Bartolomeo mwenyewe akaja mbio njiani, akasimama mbali na kibanda, akaniita kwa jina langu.

"Leonidas! Wamefika! Wanauliza nani anajua kazi ya dripu. Nimewaambia yupo. Twende, kijana wangu, wanakusubiri!"

"Siwezi."

"Utamwacha na Mama Ngolo. Watu wanakufa kule!"

"Waambieni wote wanywe," nikasema. "Mzee, piga mbiu. Waambie nilisema uongo. Maji yachemshwe, yatiwe chumvi na unga, wanywe."

"Wewe si ulisema..."

"Nilisema uongo."

Akageuka, akarudi mwaloni. Sijui kama alilitangaza. Sikwenda kuuliza. Nyumba mbili kati ya zile zilizonisikiliza siku ile zilikuwa zimeshafungwa, wenyewe wamekufa.

Alasiri mwuguzi wa shirika, dada mmoja Mtanzania mwenye viatu vya mpira, alipita nyumba kwa nyumba. Aliinama kibandani, akashika ngozi ya tumbo la Nashon, akaangalia macho yake, akaangalia sufuria.

"Amekojoa?"

"Mara moja, sasa hivi."

"Safi. Huyu hahitaji dripu. Endelea hivyo hivyo. Nani alikufundisha?"

"Jirani yangu, Minza. Yule pale mwenye ng'ombe."

"Mwambie aje mwaloni tunakopiga hema, tunahitaji watu kama yeye." Akaandika kitu kwenye daftari. "Na mama yake mtoto yuko wapi?"

"Tulimzika jana."

Akaacha kuandika. Akasema pole, na nikaona kwamba alisema kwa moyo. Kisha akanyanyua begi lake, akaelekea njiani.

Niliinuka nikamfuata. Kulikuwa na swali moja tu la kumwuliza, na yeye alikuwa mtu wa kwanza kufika kijijini ambaye angelijibu kwa uhakika. Kama Cecilia angekunywa ule uji wa asubuhi, kama ningemwachia kile kikombe, je, angekuwa hai? Alisikia hatua zangu akageuka.

"Ndiyo, baba?"

Nikamwuliza kama boti imeleta mablanketi.

Akasema yapo machache, niende mapema nikaandikishe jina. Nikamshukuru, nikarudi kukaa na mtoto.