Umeme Kidogo Mkononi

Wifi yangu hakunipeleka hospitalini kwa huruma. Alinipeleka kwa sababu sare za shule zilikuwa zimerundikana na cherehani yangu imenyamaza.

Mtaalamu wa viungo, kijana mpole mwenye miwani, alinibandika vibandiko viwili: kimoja kilicholowa dawa ya maumivu juu ya kifundo cha mkono, kingine karibu na kiwiko. Nyaya zake ziliingia kwenye kisanduku mezani.

"Umeme wenyewe ni kidogo," akaniambia. "Unaisukuma dawa ipite kwenye ngozi. Utahisi mchonyoto. Usinyanyuke wala usibandue."

Nisinyanyuke. Kana kwamba kwingine huwa nanyanyuka. Nyumba ni ya kaka yangu, karakana ni ya mkewe. Tangu nirudi na mabegi yangu baada ya talaka, nalala kwao, nakula kwao, nashona kwao. Nikisema nimechoka, sina shukrani. Mkono ulipoanza kuuma ndipo nikaruhusiwa kukaa tu.

"Ongeza umeme tumalize," wifi akasema.

"Ataungua, mama. Na hata akipata nafuu, asishone kwanza. Mshipa huu ukikatika, hatashona tena maishani."

"Asishone? Kwani tumekuja kuchaji simu?"

Kijana akacheka, kisha akagundua anacheka peke yake.

Mchonyoto ukatambaa mkononi, ukageuka uvuguvugu, na maumivu yakaanza kuondoka. Niliogopa. Sikuwahi kuiogopa nafuu namna ile.

Alipozima kisanduku na kunibandua, akauliza, "Vipi, bado panauma?"

"Bado," nikasema. "Tena sana."

Akanitazama usoni, nikaona ameelewa. Akamgeukia wifi. "Basi nitamwandikia apumzike."

Wifi akaguna, akainuka kuchukua mkoba wake. Kwenye mkono wa gauni lake palikuwa na uzi umechomoza. Fundi akiona uzi hauachi. Vidole vyangu vikaushika, vikauzungusha, vikaukata kwa mvuto mmoja, kifundo kikapinda chote, nami hata uso sikukunja.

Tukatazamana wote watatu. Kijana akashusha kalamu, akainamisha macho mezani.

Wifi hakufoka. Angefoka ningepata la kumjibu. Alinishika mkono uleule taratibu, kama unavyomshika mtoto mnapovuka barabara.

"Twende, wifi yangu," akasema. "Kazi inatusubiri."