Yatima Waliopungua

Jumatano moja ya mwaka 1996, saa nne asubuhi, karani Kezia aliingiza disketi ya tisa kati ya kumi na tatu, na kompyuta ya mradi wa yatima pale Hamugembe ikagoma. Kioo kiliandika kwamba nafasi imekwisha: afute kitu, la sivyo mfumo mpya hauingii. Wa zamani ulishavunjwa nusu, hivyo kurudi nyuma haikuwezekana. Wafadhili walikuwa wanakuja Ijumaa.

Meneja, Bwana Mushumbusi, aliagiza wafutwe kwenye orodha akina baba waliokufa. Wafu hawavai sare za shule, alisema.

Kezia alikuwa amechoka. Tangu Pasaka alikuwa amehudhuria mazishi kumi na moja. Alimkumbusha meneja kuwa ni yeye aliyeamuru kila mtoto aandikwe ndani ya jina la baba yake, kwa kuwa huku mtoto ni wa kibanja cha baba, hata baba akiwa amezikwa humohumo migombani. Ukimfuta baba, watoto wanakwenda naye. Na fomu za karatasi zililiwa na mchwa.

"Futa, mama. Tutawaandika upya."

"Lini, waitu, bwana wangu?"

"Mradi ukipata gari."

Alianza na Mutembei wa Kamachumu, aliyefariki mwaka 1989. Alipobonyeza, Mutembei aliingia, akapangusa miguu mlangoni, akaamkia, akakaa sakafuni. Akafuata Byarugaba. Kufikia saa saba walikuwa wamejaa korido na uani, wamekonda vilevile walivyozikwa, isipokuwa wachache wa vita vya Amini, ambao walikuwa na afya nzuri. Mhudumu wa chai alitandika nyasi kama inavyotandikwa msibani, akalalamika kwamba hakuambiwa mapema.

Jina moja Kezia alikuwa analiruka. Buberwa wa Izigo alikuwa kaka yake, na watoto wake watatu walisoma kwa msaada wa mradi huo tu. Aliwafuta wengine wote, akiomba nafasi itoshe. Haikutosha. Ilipelea kidogo sana, kama nafasi ya mtu mmoja hivi.

Meneja alikuwa amesimama nyuma yake. Kezia akabonyeza, na iliuma kuliko siku ya mazishi, maana siku ile hakuwa amefanya kosa lolote.

Buberwa aliingia na suti aliyozikwa nayo.

"Watoto nimewaacha humo?" aliuliza.

"Hawamo tena, kaka."

Alitikisa kichwa, akatafuta mahali kwenye nyasi karibu na mlango. Disketi zilizobaki ziliingia bila shida.

Ijumaa wafadhili waliwaruka wafu kwa adabu, wakisema samahani, wakaisifu kompyuta kwa kasi yake. Yatima walikuwa wamepungua kutoka elfu tatu hadi mia sita, waliofiwa na mama tu. Wafadhili walifurahi kwamba Ukimwi unarudi nyuma, wakaahidi kupunguza msaada kulingana na mahitaji. Bwana Mushumbusi alipiga makofi.

Jumatatu alifika Bernadeta, binti mkubwa wa Buberwa, kuchukua sare. Kezia alilitafuta jina lake mara tatu, ingawa alijua.

"Shangazi, niandike basi."

"Mwanangu, anaandikwa mtoto mwenye baba kwenye orodha. Wewe huna."

Bernadeta alimtazama baba yake pale mlangoni. Buberwa akasogea, na mtoto akakaa kwenye nyasi pembeni yake. Kezia alikuwa na barua ya shukrani kwa wafadhili ya kupiga chapa, akaipiga.