Mstari Uliotakiwa Kuwa Mtupu

...na mstari wa pili kwenye picha ya jeli nao unawaka, Mungu wangu, huu ambao haukutakiwa kuwa na kitu, huku niliweka vijiuzi vya RNA peke yake, asidi amino sikutia hata tone, sasa vimenaswa kwa lipi... "Vipi, binti yangu, ribozaimu zetu zinabeba?" Mwalimu anauliza kutoka kwenye sinki, anafuta miwani, hajaja kuangalia, kila siku ya matokeo anaanza na miwani, mzee mzima anaogopa picha ya jeli, namwambia subiri kidogo itulie, picha imetulia zamani... mwezi huu ukiisha anastaafu, na alichotaka kuona ni kitu kimoja, ribozaimu, kijiuzi cha RNA kinachofanya kazi kama kimeng'enya, tulichokilea wenyewe, kikibeba asidi amino na kuipakia mahali pake, tayari kwa kujengea protini, basi... raundi baada ya raundi, vilivyobeba tunavinasa kwa shanga za sumaku zinazoshika asidi amino, vingine tunavimwaga, tunanakili vilivyobaki na makosa kidogo ili watoto wawazidi wazazi, kumbe hivi vimejifunza kushika shanga tu, kazi havina, vimeng'ang'ania kama mgeni aliyesikia sufuria inafunuliwa, wajanja wangu, hata kuwakasirikia siwezi, tuliwataka wabaki, wamebaki... "Haijatulia bado?" anasema, nasema nakuja, siendi popote... ningemwambia zinabeba, aondoke na furaha yake, mstari wa pili naukata kwenye picha, nani atajua... lakini mstari huu ni yeye aliyenifundisha kuuweka, siku yangu ya kwanza, nikamwona msumbufu, akasema humu ndani huyu ndiye rafiki yako, wengine watakusifu tu... nampenda jamani, nampenda kuliko nilivyowahi kumwambia, halafu nimuage kwa uongo, mtu aliyeukimbia maisha yake yote... na je, tukianza upya hivi hivi, bila asidi amino, tuvipitishe kwenye shanga, vinavyonata vimwagwe, vinavyopita ndivyo tuvilee, vya raundi za mwanzo bado viko kwenye friza, huenda wachapakazi wamo humo, wapole, tuliwapita bila kuwaona... hatakuwepo vikibeba, hilo linauma, litauma, nitampigia simu kwake, namjua, ataniuliza mstari mtupu ulikuwaje, na siku hiyo nataka niweze kumjibu bila kumficha kitu... "Binti?"... "Mwalimu, hazibebi. Zinanata tu. Njoo unicheke."