Chupa ya Tshiamala

Mimi ni Mwamba, mwana wa Kyungu katekista, aliyefundisha kusoma katika vijiji vya kandokando ya Lualaba bila kumdai mtu hata kuku. Kyungu alikuwa mwana wa Ngoy mfua chuma, ambaye machifu walimngoja mlangoni kwake, wala yeye hakuwangoja wao. Katika ukoo huu hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa wizi. Nayatanguliza haya kwa sababu mjukuu wangu Elise anataka kufungua karakana uani kwake na ameniuliza anunue vifaa gani. Yafaa ajue jibu linatoka kwa nani.

Babu yetu Ngoy alituachia sheria moja: chombo cha kazi hakichukuliwi mpaka mwenyewe akuwekee mkononi. Kikiwa kizito, akuwekee kipande chake.

Mwaka wa 1993 kampuni ya shaba ilikuwa imekwisha kuanguka. Mishahara ilikatika, na Kalumba, mwanangu, baba yake Elise, akarudi nyumbani na sanduku la nyundo. Wakati huohuo watu wenye asili ya Kasai walikuwa wakiitwa wageni, wakitolewa katika nyumba zao kwa mawe na kurundikwa stesheni, wangojee treni isiyojulikana itakuja lini. Wengi wao walizaliwa hapahapa Kolwezi. Tulikuwa tukiimba nao kanisani.

Mmoja wao alikuwa Tharcisse Tshiamala. Nilimfundisha kuchomelea na kukata chuma katika shule ya ufundi, yeye na Kalumba kwenye benchi moja, na sikupata kuona mwanafunzi mwenye mkono mtulivu kama wake.

Asubuhi moja Kalumba aliniambia, "Tata, Nkulu anauzisha bitu bya Tshiamala. Posti, shalumo, chupa, byote. Kule Kasulo, mu nyumba yake."

"Nyumba ya nani?"

Alitazama chini. "Ya Tshiamala. Lakini Nkulu njo anakaa mule sasa."

Tulikwenda mtaa ule wa Kasulo, na Nkulu, jirani aliyeihamia nyumba, akatufungulia. Kiatu cha mtoto kilikuwa bado mlangoni, na sufuria ilikuwa juu ya mbabula ya makaa iliyozimika. Nilivikagua vifaa kama nilivyozoea kufundisha. Posti za kuchomelea zilikuwa mbili. Ile kubwa niliikataa, kwa maana ilihitaji umeme wa kiwandani, na umeme wa mtaani ulikuwa ukija kama mgeni asiyependa chakula cha wenyeji. Ile ndogo niliifungua kifuniko, nikanusa nyaya zake za shaba. Hazikuwa na harufu ya kuungua. Nikasema hii inafaa.

Kalumba hakuwa akiijali posti. Mabamba ya chuma aliyotaka kukata yalikuwa mazito, chakavu cha migodi, na umeme ukikatika ni shalumo tu, bomba la moto wa gesi, inayoweza kuyapasua. Macho yake yalikuwa kwenye chupa ya oksijeni. Ilisimama wima, imefungwa ukutani kwa mnyororo, kofia yake ya chuma imekazwa, kila kitu kama nilivyofundisha.

"Imejala, Muzee," alisema Nkulu. "Piga, utasikia. Ni ufunguo tu njo unakosa. Benyewe balienda nao."

Kalumba alijaribu kofia ya kujikinga macho, akaivua upesi. "Iko na jasho yake bado," alisema.

"Basi twende kwa mwenyewe kwanza," nikasema.

Nkulu alicheka. "Muzee anaenda kuomba ruhusa kwa kivuli."

Stesheni watu walilala chini ya mabanda na katikati ya reli, na kikohozi chao kilisikika kabla hujawaona. Nyuma ya bohari palikuwa na vilima vidogo vya udongo mpya, vifupi mno kuwa vya watu wazima. Tshiamala alikuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa. Mkewe Mushiya hakuinua kichwa.

"Tata Mwalimu," alisema Tshiamala. Hakusimama. "Na weye, Kalumba. Unakuya kuniona, ao unakuya kuangalia kama nimekwisha kufa?"

"Ninakuya kuomba."

"Benzako habaombake."

"Njo maana nimekuya na tata."

Tshiamala alitabasamu kidogo. "Unataka chupa."

"Na posti ya mudogo. Lakini chupa, ndiyo."

Akatoa mfukoni ufunguo wa chupa, ule wenye tundu la mraba. Kalumba akapiga goti, akafungua mikono yote miwili. Tshiamala akauweka ufunguo viganjani mwake, lakini vidole vyake havikuachia.

"Karakana utaweka wapi?" aliuliza.

"Mu lupango, pembeni ya jiko."

"Pale mutoto anachezea?"

"Elise? Ndiyo. Anapenda kuangalia cheche."

 Tshiamala aliukaza mkono wake juu ya ufunguo, mkono ule niliousifu. Nilidhani anaionea uchungu mali yake.

"Tharcisse," alisema Mushiya, bado akitazama chini. "Bambie. Ni mafuta yangu."

Ndipo Tshiamala akauvuta ufunguo. "Usifungue ile chupa, Kalumba. Nilipaka mawese mu mudomo yake, kisha nikarudisha kofia. Mi mwenyewe, siku balianza kututupia mawe. Nilisema, ule atachukua kazi yangu, moto imukute mu uso."

Oksijeni iliyobanwa haivumilii mafuta. Yakikutana katika mdomo wa chupa, yanawaka yenyewe, na chuma kinayeyuka mbele ya aliyeifungua. Kila mwaka nilianza masomo kwa onyo hilo, nikiwaamuru wanafunzi kunawa kwa sabuni kabla ya kuigusa.

"Ni weye ulitufundisha, Tata Mwalimu," alisema. "Sikusahau hata somo moja."

 Kalumba alibaki amepiga goti, mikono wazi. Tshiamala akaniwekea mimi ufunguo. "Enda uisafishe, mbele muntu hajaifungua."

Tulirudi Kasulo karibu tukikimbia. Mnyororo ulikuwa ukining'inia ukutani bila chupa, na alama za magurudumu ya lori zilikuwa mlangoni.

"Nimeuzisha," alisema Nkulu. "Bantu ba kamyo. Banaenda Kisenge, ao Musumba, sikuuliza. Balikuwa na ufunguo yabo."

Nilipomweleza, hakucheka. Aliingia ndani akanawa mikono, akatoka, akarudi tena kunawa.

Niliwaomba mapadre wapeleke habari kwa redio yao hadi Kisenge na Musumba. Nilizunguka karakana za Kolwezi, endapo iliuzwa tena hapahapa, nikiwasihi watu wanifungulie kofia za chupa zao, na wengine waliniona mzee aliyerukwa na akili. Niliporudi stesheni, treni ilikuwa imeondoka, na pale palipokuwa godoro aliketi mtu mwingine. Sijui kama Tshiamala alifika Kasai. Sijui kama aliondoka akiamini tuliwahi. Kalumba hakuichukua ile posti. Alikata kwa msumeno wa mkono mpaka siku zake zilipokwisha, na ua wa Tshiamala leo ni shimo la kobalti.

Chupa ile sikupata habari yake. Kukisikika mshindo upande wowote wa mji, nasimama, na moyoni namwona aliyeishika, naye ana uso wa mwanafunzi wangu.

Basi, Elise, nunua posti ndogo yenye nyaya za shaba, na kofia ya macho iliyo mpya. Chupa usiipokee gizani wala kwa haraka. Muuzaji aivue kofia ya chupa mbele yako, juani, uuone mdomo wake, akueleze ilitoka nyumba gani na mwenyewe aliondokaje. Akisitasita, mwache nayo, hata kama kazi inakungoja na watoto wana njaa. Nawe utawafundisha hivyo wote watakaokuja kujifunza kwako. Sikuombi, nakuamuru: wewe, na kila kijana atakayesoma maneno haya, nisikilizeni ningali hai.